Vikopo Kumi na Vinne vya River Road

Mwezi uliopita nilirudisha funguo za kabati, koti jeupe lenye doa la zambarau mfukoni, na hadubini niliyokuwa nimeizoea kuliko miwani yangu mwenyewe. Ninyi mliobaki kwenye meza ya kupimia choo mliniomba niwaandikie mambo mawili matatu kuhusu kazi. Nadhani mlitarajia hekima. Hekima niliyo nayo ni kwamba mtu asile mandazi akiwa amevaa glavu, hata glavu zikiwa mpya. Mengine nitayaeleza jinsi yalivyotokea. Moja kati yake litaniaibisha, lakini afadhali mlisikie kwangu kuliko kwa mlinzi wa getini, ambaye hulitia chumvi kila akilisimulia.

Siku yangu ya kwanza nilikuja na viatu vyeupe. Mkuu wa maabara wakati huo alikuwa Bwana Gurdip, Kalasinga mrefu mwenye kilemba cha samawati na ndevu alizozifunga kwa wavu ili zisiingie kwenye sahani za vijidudu. Alivitazama vile viatu kwa muda mrefu.

"Lydia ndiyo wewe?"

"Ndiyo, bwana."

"Hapa hatuendi kanisani. Kesho vaa gumboots."

Kesho yake nilielewa. Kazi yetu, kwa faida ya mtu wa nje ambaye huenda akayasoma haya, ilikuwa hii. Kila anayeshika chakula cha watu mjini, awe mpishi, mhudumu au mchinjaji, alitakiwa kila baada ya miezi sita alete choo chake kidogo tukipime ndipo apewe cheti cha afya. Tukikuta bakteria wa kuharisha, mtu huyo hakuruhusiwa jikoni mpaka alete sampuli tatu safi, moja baada ya nyingine. Sampuli tatu ni wiki kadhaa. Na hoteli ya River Road haimsubiri mpishi hata siku moja. Ukikosekana asubuhi, kufikia saa sita mchana mwiko umeshikwa na mtu mwingine. Kwa hivyo kile kikaratasi chetu ndicho kilichokuwa ugali wa watu wengi, na walikiogopa kuliko hata askari wa jiji.

Tulikuwa tukiomba kiasi cha punje ya haragwe. Watu wetu ni wakarimu. Walituletea kwa viberiti, kwa chupa za dawa ya kifua, na mmoja kwa mkebe wa kilo nzima wa mafuta ya kupikia, umejaa mpaka kwenye mfuniko. Nilimwuliza kwa nini. Akasema hakutaka tupungukiwe. Kuna karani mmoja wa kantini huko Upper Hill aliyeifunga sampuli yake kwa karatasi ya zawadi na utepe mwekundu, kwa sababu alipitia ofisini kwanza na hakutaka maswali. Wenzake wakamwimbia wimbo wa siku ya kuzaliwa na kumsihi aifungue mbele yao.

Bwana Gurdip alinifundisha kutumia macho kabla ya hadubini. "Angalia kwanza," alisema. "Rangi, mbegu, ganda la nyanya. Hiyo ni barua, na mtu hajui ameiandika." Alinifundisha kuchora kwa kitanzi cha waya juu ya agari, ule mgando wa kukuzia vijidudu kwenye sahani, bila kuikwaruza, kukichoma kitanzi kwenye mwali mpaka kiwe chekundu, na kusubiri kipoe bila kukipuliza kwa mdomo. Alinifundisha pia kumtambua salmonela kwenye sahani: duara dogo lenye kitovu cheusi, mfano wa jicho la samaki aliyekaa sokoni siku mbili. Neno lake kuu lilikuwa moja, na alilirudia kila mtu alipokuja kutuombea shemeji yake au mtoto wa shangazi.

"Sahani haina jamaa."

Kulikuwa na kesi nyingi ngumu. Ile ninayoipenda ni ya harusi moja ya Kangemi ambapo wageni walitapika kabla hata keki haijakatwa. Upande wa bibi harusi ukasema ni kuku wa upande wa bwana. Upande wa bwana ukasema ni wali wa upande wa bibi, na mjomba mmoja akaongeza kwamba kuna mtu alitema mate akinong'ona. Jumatatu asubuhi nilikuta familia mbili mlangoni, kila moja na sufuria yake imefungwa kwa leso na kulindwa na wazee wawili, zisije zikawekewa kitu. Tulipima zote. Wali ulikuwa umepikwa jana yake ukalala kwenye sufuria kubwa karibu na jiko, na bakteria wa wali hafi kwa kupashwa moto. Kuku naye alikatwakatwa na mama mwenye jipu kwenye kidole. Bwana Gurdip aliwaita wazee wote na kuwaambia kwamba kila upande ulisema kweli kuhusu upande wa pili. Waliondoka wamepatana, wakitulaumu sisi.

Sasa niwaambie habari ya Ijumaa zetu, kwa maana bila hiyo hamtaelewa yanayokuja.

Kila Ijumaa saa nne, chai yetu ilikuwa na samosa za viazi. Zilipikwa na mke wa Bwana Gurdip, Bi Harjit, kule Parklands, na mumewe alizileta zikiwa bado moto ndani ya bakuli la plastiki lenye kifuniko. Mimi nilileta kachumbari. Kachumbari yangu ilisifika: nyanya, kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, dania na pilipili moja, vyote nimevikata kwa mkono wangu alfajiri jikoni kwangu Mountain View. Watu wa idara nyingine walikuja kwetu Ijumaa wakijidai wanatafuta stepla.

Na kila Jumatatu nusu ya maabara ilikuja imelegea, ikishika matumbo. Sisi ni watu wa sayansi, kwa hivyo tulifanya uchunguzi. Kwanza tulishuku nyama choma ya Jumamosi. Lakini kuna mwenzetu asiyekula nyama kabisa, na yeye ndiye aliyeumwa zaidi. Ndipo mtu, sitamtaja jina, akasema labda ni samosa. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilisema kwa upole, kama mtu anayefikiria tu, kwamba mafuta ya samosa hayaeleweki. Bi Harjit alizipata habari, na Ijumaa iliyofuata samosa hazikuja, wala hazikuja tena. Kachumbari yangu ikaendelea na mkate wa dukani. Jumatatu nazo zikaendelea vilevile, na hakuna mwanasayansi hata mmoja kati yetu aliyejiuliza kwa nini.

Ilikuwa mwaka ule ambao matatu zilianza kuchorwa mstari wa njano na abiria tukalazimishwa kufunga mikanda. Jumatatu moja kiliwasili kiondo kutoka hoteli moja ya River Road. Nitaiita Baraka Tele, jina ambalo si lake. Ndani mlikuwa na vikopo kumi na vinne, safi, vimeandikwa majina kwa mwandiko mmoja mzuri wa duara. Nilifurahi. Wakati ule tulikuwa tumeanza kugawa vikopo vyenye kijiko kidogo kwenye mfuniko, na hawa ndio watu wa kwanza walioelewa kijiko ni cha nini.

Bwana Gurdip alivipanga mezani, akavifungua kimoja kimoja.

"Lydia, kuja."

Nikaja.

"Hawa watu kumi na wanne wamekula pera moja."

Niliangalia. Rangi moja, ugumu mmoja, na ndani ya kila kimoja mbegu za mapera, zile ngumu ambazo tumbo la binadamu hushindwa nazo tangu enzi za Adamu. Nilicheka. Nikasema labda hotelini walipewa matunda. Akasema msimu wa mapera umekwisha, hakuna pera sokoni. Nikasema kweli, halafu nikaenda kuwasha mwali wa gesi.

Alhamisi sahani zote kumi na nne zilikuwa zimejaa macho ya samaki. Katika miaka yangu yote sikuwahi kuona hoteli nzima imeshikwa kwa pamoja, kuanzia mpishi mkuu mpaka anayeosha vikombe. Sheria ni sheria. Ijumaa barua kumi na nne zikaondoka: hakuna kuingia jikoni.

Kabla ya saa sita mchana mama mmoja mnene, mwenye kitambaa cha kichwa cha mpishi na barua mkononi, alikuwa amesimama mbele ya meza yangu. Aliitwa Risper. Alikuwa mpishi mkuu wa Baraka Tele.

"Daktari, hii kitu mmeandika si yangu."

Kila mtu hutuita daktari, tulishaacha kuwasahihisha.

"Jina si lako?"

"Jina ni yangu. Choo ndio si yangu."

"Mama, kikopo kimeandikwa Risper."

"Nimekuambia jina ni yangu." Akavuta kiti, akaketi bila kukaribishwa. "Daktari, usinichome. Nimeosha sufuria kwa hiyo hoteli miaka tisa. Miaka tisa! Wanaume wanakuja wananipita, wanapewa mwiko, mimi naosha. Mwiko nimeshika mwezi wa tatu huu. Boss amesema, juu tumeshikwa wote, nikileta karatasi safi kufikia Ijumaa ile ingine, sawa. Nisipoleta, ameshapata msee wa kuingia. Nitarudi kwa sinki, ama nirudi ushago kulima."

"Basi choo ni cha nani?"

Aliangalia mlango, akaniinamia. "Kuna mzee wa mihuri hapo chini, karibu na lodging. Watu wote wa hoteli wanajua yeye. Bibi yake anafanya maabara. Sasa wewe niambie, mtu analala na bibi wa maabara, atakuwa na mdudu gani? Huyo ni mtu safi. Hata wanamuita Safi."

Nilishika ukingo wa meza. River Road ina wachonga mihuri wengi. Nilijiambia hivyo.

"Anaitwa nani, huyo mzee?"

"Baba Njoki."

Mimi ni Mama Njoki.

"Na huyo bibi yake," nikasema, "mnamjua?"

"Hatujawahi muona," Risper akajibu. "Lakini wanasema ni mkali sana."

Nyuma ya nyumba yetu Mountain View kuna mpera mmoja. Umeota pale tangi la maji linapomwagikia, kwa hivyo hauna habari za msimu, huzaa tu. Mimi siyapendi mapera. Mume wangu, Gitau, huyala asubuhi na jioni.

Nilivua koti nikatembea mpaka River Road. Gitau alikuwa ameketi kwenye kile kibanda chake chini ya ngazi, ameinamia kipande cha mpira, anachonga jina la kikundi cha akina mama. Ni mtu mpole, mzee wa kanisa, na mikono yake ina wino siku zote mpaka kwenye ibada.

"Baba Njoki," nikasema, "ni kweli unawagawia watu choo?"

Wateja wawili waligeuka. Gitau akaweka kisu chini taratibu.

"Si kila mtu," akasema. "Ni wale wako na shida."

Akanipa stuli yake, akaanza kunieleza kwa sauti ya mtu asiyeona kosa lake liko wapi. Miaka mitatu nyuma, wapishi walimwendea wakitaka awachongee muhuri wa cheti cha afya. Alikataa katakata. Muhuri wa serikali hachongi, hata apewe nini. Hiyo ni jinai na ni dhambi. Lakini walimlilia. Wengine walikuwa wamewahi kupatikana na minyoo wakapoteza kazi, wengine waliona haya kubeba kikopo, wengine hotelini hawakupewa hata dakika tano za kwenda msalani. Basi akafikiri, akaomba, akapata njia.

"Muhuri ungekuwa wa uongo," akaniambia. "Lakini hii ni ya ukweli. Ni choo halisi, ya mtu halisi, na inapimwa na serikali. Uongo uko wapi hapo?"

"Uongo uko kwenye jina, Gitau!"

"Jina naandika vizuri. Hakuna hata moja nimekosea."

Hapo ndipo nilipoutambua ule mwandiko wa duara. Ndio ulioandika kadi zetu za harusi.

"Na unapata nini?"

"Nakula lunch hapo Baraka." Akanyoosha kola. "Na heshima. Mama Njoki, hii street nzima wananiita Safi."

Nikamwambia, "Safi, una salmonela."

Sijawahi kumwona amenywea vile. Aliitazama mikono yake, akaitazama sandwichi ya mayai iliyokuwa kwenye droo, akaifunga droo. "Lakini siumwi," akasema. Nilimweleza kwamba mtu anaweza kumbeba bakteria huyo miezi na miaka bila kuhisi chochote, huku akimwaga kwa wengine. Akauliza swali ambalo nililipuuza siku ile: "Sasa mimi nimetoa wapi?"

Nitasema ukweli wangu hapa, maana mmezoea kuniona mkali. Nikirudi kazini nilitembea polepole, na njia nzima nilitaka kunyamaza. Barua zilikuwa zimeshatoka na kila kitu kilikuwa sawasawa kwenye vitabu. Ningemtibu mume wangu kimyakimya, kanisani wasijue, kazini wasijue. Kingeharibika kitu kimoja tu, mwiko wa Risper na kazi za wenzake, na wao wenyewe wasingethubutu kusema kwa nini. Niliona aibu kwa sababu ya Gitau, na nikaona aibu kubwa zaidi kwa yale niliyokuwa nikiyawaza.

Nilimkuta Bwana Gurdip anaosha mikono. Nilimwambia yote, hata habari ya mapera. Alizima bomba, akajifuta kidole kimoja kimoja.

"Kwa hivyo miaka mitatu," akasema, "tumekuwa tunapima River Road yote, na River Road yote ni mume wako."

"Ndiyo, bwana."

"Na mimi niliandika ripoti kwamba usafi umeongezeka."

Alikwenda kwenye kitabu kikubwa akaandika kwa kalamu nyekundu: sampuli hazikuwa za wenyewe, zirudiwe. Kisha akaniambia, "Jumatatu saa mbili, wote waje. Wenyewe. Vikopo tutawapa hapa, na vitajazwa hapa. Na Safi pia."

Basi Jumatatu saa mbili watu kumi na wanne walikuwa wameketi kwenye benchi la ukumbini, kila mmoja na kikopo kitupu mapajani, mbele ya choo kimoja cha wafanyakazi ambacho mlango wake haukuwa na kitasa. Na hakuna kilichotokea.

Saa tatu, hakuna. Saa nne, hakuna. Watu hawa walikuwa hawajafanya kitendo hiki kwa ajili ya serikali kwa miaka mitatu, na sasa serikali ilikuwa imesimama pale na koti jeupe inatazama saa. Bwana Gurdip alimtuma mtu alete mapapai manne na birika la chai. Walikula, wakanywa, wakashukuru, wakaketi. Mhudumu mmoja akapendekeza tuombe. Tukaomba. Mwingine akasema akisikia maji yanatiririka hupata msukumo, tukafungua bomba mpaka jirani zetu wa ghorofa ya chini wakaja kuuliza kama paipu imepasuka.

Saa tano Gitau aliwasili kutoka River Road, amevaa suti yake ya kanisani. Benchi zima likamwamkia. Alichukua kikopo, akaingia, na baada ya dakika tatu akatoka. Watu wakapiga makofi. Naapa kwa jina la Mungu, walimpigia makofi.

"Safi! Safi hana mchezo!"

Alinikabidhi kikopo kwa mikono miwili, akajaribu kuficha tabasamu, akashindwa. Nilikiandika jina lake na sikumwangalia usoni, maana ningecheka, na nilikuwa bado nimekasirika.

Baada yake wakaanza kufuata, mmoja mmoja. Kufikia saa tisa walikuwa wamebaki wawili, kisha Risper peke yake. Wenzake walikuwa wamerudi. Yeye alikaa pale ameshika tumbo, amekula kipande chake cha papai na nusu ya cha mwenzake. Nilimwambia anaweza kuja kesho. Akasema kesho itachelewa, sahani zinataka siku tatu na Ijumaa ni Ijumaa. Alikuwa ameshajua kazi yetu vizuri. Nikaketi naye. Aliniuliza kama yule mzee ni mume wangu. Nikakubali. Akaniangalia sana.

"Kumbe wewe ndio yule mkali," akasema. "Na bado umetuita tuje wenyewe."

Saa kumi hivi akainuka ghafla, akaenda karibu akikimbia. Alipotoka alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, amekiinua kikopo juu.

"Daktari, andika. Hii sasa ni yangu. Yangu kabisa!"

Nilikuwa nafunga meza Bwana Gurdip aliponiwekea kikopo kingine mbele. Kitupu. Alikuwa ameshaandika jina: Lydia.

"Hii ni ya nini?"

"Nyumbani kwenu," akasema, "nani anapika?"

Nilikasirika. Nilimwambia mimi ni mtaalamu, nina miaka mingi kwenye meza hii, na wafanyakazi wa maabara hawajawahi kupimwa, sisi husainiana vyeti tu. Akasema anajua, kwa sababu changu alikisaini yeye. Nyani haoni kundule. Nilichukua kile kikopo, na niwaambieni, bomba likifunguliwa husaidia kweli.

Alhamisi tulisoma sahani pamoja. Watu kumi na wanne wa Baraka Tele walikuwa safi, ukiacha mmoja mwenye minyoo, ambaye tulimpa dawa palepale. Ya Gitau ilikuwa na macho ya samaki hapa na pale. Ya mwisho, yenye jina langu, ilikuwa imejaa, nyeusi ukingo hadi ukingo. Bwana Gurdip aliiangalia, akaifunika.

"Sahani haina jamaa," nikasema mimi, kabla yeye hajasema.

Alitikisa kichwa. Kisha akasimama kidogo, mkono juu ya mfuniko, kama mtu anayehesabu siku za wiki.

"Kachumbari," akasema.

Jamani. Ijumaa zile zote. Jumatatu zile zote. Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa nimewaharisha wataalamu wa kuharisha muda wote ule, kwa mkono wangu, na dania juu yake, na nikamsingizia mwanamke ambaye samosa zake zilitoka kwenye mafuta yanayochemka, mahali ambapo hakuna bakteria aliyewahi kupona.

"Harjit," akasema Bwana Gurdip akivaa koti, "atafurahi sana leo."

Jumamosi nilikwenda Parklands kuomba msamaha. Bi Harjit, aliyekuwa na wageni siku hiyo, alinisikiliza mpaka mwisho, akaniacha niseme lile neno "mafuta hayaeleweki" kwa mdomo wangu mwenyewe, halafu akaleta sinia la samosa. Nilipoinua mkono akalivuta upande wake.

"Wewe hapana gusa, mama. Ngoja, mimi nitakuwekea."

Na akaniwekea. Alinisamehe mbele ya wageni wote, kwa sauti kubwa, na kila Diwali ananisamehe tena.

Risper alipeleka karatasi yake Ijumaa asubuhi. Mwiko haukumtoka mkononi. Mimi nilipigwa marufuku jikoni kwangu mpaka nilete sampuli tatu safi kama mtu mwingine yeyote, na kwa wiki hizo zote mume wangu, akinywa dawa zake na kunawa mbele ya macho yangu, ndiye aliyepika, ugali wenye unga mbichi katikati na sukuma iliyoungua. Nilikula vyote. Siku cheti changu kilipotoka, chenye jina langu na choo changu, nilikitundika sebuleni karibu na picha ya harusi. Na ile sheria mnayoilalamikia kila Januari, ya kila mfanyakazi wa maabara kujaza kikopo palepale kazini, mwelewe sasa ilitoka wapi.

Wiki iliyopita, nikiwa nyumbani najifunza kustaafu, mtu alibisha getini. Mama wa makamo, aproni ikichungulia chini ya sweta, kutoka hoteli moja ya Kangemi. Alikuwa ameshika kikopo kitupu ndani ya mfuko wa karatasi.

"Shikamoo, mama. Nimeambiwa hapa kuna mzee anaitwa Safi. Anasaidianga watu."

Nyuma yangu pazia lilisogea. Nilimsikia Gitau akikohoa kidogo na kunyoosha kola.

Nilimshika yule mama mkono, nikamzungusha nyuma ya nyumba, nikapita naye pale kwenye mpera, nikamfungulia mlango wa choo cha nje. Nikamwekea maji na sabuni. Akasimama pale kizingitini, ameona haya, anakigeuzageuza kikopo.

"Na isipokuja leo, mama?"

"Itakuja," nikamwambia, nikavuta stuli nikaketi chini ya ukuta. "Risper alingoja mpaka saa kumi."